Daftari Lisilo na Wino

Usiku mmoja, baada ya sala ya isha, mpwa wangu mwenye duka la nafaka Ngamiani, mjini Tanga, alinipigia simu nikamsaidie kutafuta hitilafu katika hesabu zake. Na kwa jinsi alivyoshusha sauti nilitambua kwamba neno hitilafu lilikuwa la adabu tu, na kwamba aliyekuwa akitafutwa ni mwizi. Nilimkuta nyuma ya kaunta, mlango umerudishwa nusu, noti zimepangwa mafungu mafungu juu ya gazeti, na kompyuta imefunguliwa kando ya mizani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Zimepungua ngapi?"

"Laki na nusu. Asubuhi niliweka chenji ya elfu hamsini, mauzo ni laki mbili na sabini na mbili, matumizi elfu thelathini. Mashine inasema niwe na laki mbili na tisini na mbili. Hizi hapa ni laki moja na arobaini na mbili, nimezihesabu mara tatu." Kisha akatupa jicho upande wa stoo, alikokuwa akifagia kijana anayemsaidia, asiongeze neno.

Niliisoma safu ya fedha zilizotoka. Ilikuwa na mistari minne: elfu ishirini za umeme na elfu kumi za chakula, alizoziingiza mwenye duka; halafu miwili aliyoiandika yule kijana, 120,000/= alizolipwa mwenye sukari, na 30,000/= za bajaji na wapagazi. Kwa macho ya binadamu jumla yake ni 180,000. Jumla iliyosimama chini ya safu, iliyotolewa na fomula ya SUM, ilikuwa 30,000. Kijana aliandika fedha kama alivyofundishwa shuleni kuandika fedha, kwa mkwaju na alama ya sawasawa nyuma ya tarakimu, na mashine, ambayo haikukaa naye darasa moja, ilizichukua zile mbili kuwa ni maneno, ikazipita kimya kimya kama inavyopita jina la mtu au la bidhaa. Fedha zilikuwa zimetimia. Aliyekosa fedha ni mashine, na aliyekaribia kupoteza kazi ni mtu aliyeandika kwa unadhifu kuliko wote.

Sababu yake ni nyepesi, walakini ndiyo ufunguo wa mengine yote katika suala hili la kuweka hesabu za biashara ndogo kwa lahajedwali. Kila seli ya lahajedwali ina vitu viwili ambavyo daftari la karatasi halikuwahi kuvitenganisha, navyo ni kilichomo na kinachoonekana. Ukiandika 120,000/= kwa kalamu umeandika kiasi na sura yake kwa mkupuo mmoja, na msomaji huvichukua vyote viwili pamoja; katika mashine kiasi huwekwa kikiwa kitupu, 120000, na mavazi yake, yaani mkato wa maelfu, alama ya shilingi, rangi na unene wa herufi, huvalishwa juu yake kwa kile ambacho wataalamu wa lugha wamekiita umbizo. Mwenye kutaka kuiona alama yetu ya /= hana haja ya kuiandika hata mara moja katika mauzo yake: aichague safu nzima, aingie katika mipangilio ya namba, aandike umbizo #,##0"/=", na tangu hapo kila tarakimu atakayoiingiza itavaa vazi hilo bila ya kuacha kuwa tarakimu. Na asiye na yakini ana dalili ya kumwongoza, kwani mashine ikiachwa bila ya amri huegemeza tarakimu upande wa kulia wa seli, na maneno upande wa kushoto. Zile mbili za kijana zingejifichua zenyewe tangu asubuhi kwa kuegemea kushoto peke yake, lau mpwa wangu, kwa kupenda urembo, asingekuwa amezipanga safu zote katikati.

Watu wa pwani si wageni wa hesabu zilizoandikwa. Maneno yenyewe, daftari, deni, faida, hasara, rasilmali, stakabadhi, yalikwisha kaa katika lugha yetu zamani kabla ya benki ya kwanza kufungua mlango. Na kwa Mwislamu agizo la kuandika deni lenye muda, na kumweka mwandishi atakayeandika kwa uadilifu baina ya pande mbili, limo katika Aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ambayo ndiyo ndefu kupita aya zote za Qurani, jambo ambalo mimi huliona kuwa ni hoja ya kutosha dhidi ya mfanyabiashara asemaye kwamba hana nafasi ya kuandika. Katika karne ya 19 nyumba ya Jairam Shivji, iliyokodisha forodha ya Unguja kwa miaka mingi, ilikopesha mali kwa misafara iliyokwenda bara kutafuta pembe, na deni la mtu aliyekwenda safari ya mwaka au zaidi halikuwa na pa kukaa ila katika daftari. Mali kauli ya leo, ambayo muuza duka huichukua Dar es Salaam kwa ahadi ya kulipa akishauza, ni mjukuu wa biashara ile.

Lahajedwali lenyewe ni kitu cha juzi. Dan Bricklin, alipokuwa mwanafunzi wa biashara Harvard, alimwona mwalimu wake akifuta tarakimu moja ubaoni kisha akalazimika kufuta na kuandika upya zote zilizoitegemea. Yeye na mwenzake Bob Frankston wakatengeneza programu ya VisiCalc, iliyouzwa mwaka 1979, ambayo ilizisahihisha zile nyingine kwa nafsi yake. Baada yake ilikuja Lotus 1-2-3 mwaka 1983, na Excel mwaka 1985, na Google ikaleta laha zake za mtandaoni mwaka 2006. Mengine ya historia hiyo hayamhusu muuza mchele, isipokuwa moja: chombo hiki kilibuniwa kwa ajili ya mtu mwenye kuuliza "ingekuwaje kama," yaani mtu wa makadirio anayebadili tarakimu moja ili aone zote zikibadilika, na sisi tumekichukua kwa kazi iliyo kinyume chake, kazi ya kuandika lililokwisha kutokea na lisilopasa kubadilika tena.

Kwa maana daftari la karatasi lilikuwa na masharti yake, ingawa hayakuandikwa popote. Mstari ulifuata mstari kwa tarehe, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuupenyeza mwingine katikati. Wino haukufutika bila ya kuacha kovu, na karani mwenye insafu alipokosea alipiga mstari mmoja juu ya kosa lake ili lisomeke, kisha akaandika sahihi pembeni. Na mwandiko wenyewe ulimtaja mwandishi. Lahajedwali limetufungua pingu zote hizo. Waweza kuingiza mstari wa Jumanne iliyopita leo Ijumaa, waweza kubadili elfu sabini kuwa elfu saba na pasionekane alama, na waweza kufanya hivyo kwa kidole kilichoteleza pasina nia yoyote mbaya. Kwa hiyo yule anayedhani kuwa kwa kununua kompyuta ameipata nidhamu ya hesabu amekosea kipimo. Amepata karani mwepesi ajabu wa kujumlisha, asiyechoka, asiyeomba nyongeza ya mshahara, na anayeamini kila anachoambiwa.

Tazama basi jinsi ya kumtumia karani huyo. Laha moja tu yatosha kwa maingizo ya duka, nayo iwe ndefu, ishuke chini mwaka mzima bila ya kukatwa: safu ya tarehe, ya maelezo, ya aina ya muamala, ya njia ya malipo, kisha zilizoingia, zilizotoka, na salio. Nalisema hili kwa kusisitiza kwa sababu karibu kila mfanyabiashara niliyemwona hufanya kinyume chake: hufungua laha ya Januari na laha ya Februari na kuendelea, kila moja na kichwa chake chenye rangi na jumla yake chini, akafika Desemba ana vidaftari 12 visivyojuana, na akitaka kujua mwaka mzima ametumia kiasi gani kwa usafiri hana budi kuvitembelea kimoja kimoja na karatasi mkononi. Wasiwasi wa kwamba laha itajaa hauna msingi. Laha moja ya Excel ya sasa ina mistari 1,048,576, na duka lenye maingizo 40 kila siku, bila ya kufunga hata Idi, litaijaza baada ya zaidi ya miaka 70.

Tukiiita safu ya zilizoingia E, ya zilizotoka F na ya salio G, fomula ya salio ni =G2+E3-F3, ikishushwa chini kwa kuburuta. Wengi huiweka ili wajue wana kiasi gani, na hilo ni jema, lakini kwangu fadhila yake kubwa ni nyingine. SUM, ikipewa safu yenye neno katikati ya tarakimu, hulipita neno hilo na kutoa jibu lenye sura ya kweli. Alama za kujumlisha na kutoa, zikikutana na neno, hukataa, na seli huandika #VALUE! kwa herufi kubwa, na kila salio la chini yake likaharibika vivyo hivyo mpaka kosa lisahihishwe. Mpwa wangu alikuwa na SUM peke yake. Angalikuwa na safu ya salio, ile 120,000/= ya kijana ingalipiga kelele palepale ilipoandikwa, saa tatu asubuhi, wala si usiku watu wakitazamana.

Jumla za aina na za mwezi zikae katika laha nyingine, isiyoandikwa kwa mkono hata neno moja isipokuwa vichwa, na kazi hiyo ni ya SUMIFS, ambayo huambiwa: jumlisha zilizotoka, pale ambapo aina ni usafiri, na tarehe ni kuanzia siku hii mpaka siku ile. Humu ndimo unapoonekana uzito wa safu ya aina, kwani mashine hailinganishi maana bali herufi, na "usafiri" na "nauli" na "usafiri " wenye nafasi tupu mwishoni ni mambo matatu mbali mbali kwake. Dawa yake ni orodha ya kuchagua, iliyofungwa katika seli ili mwandishi asiweze kuandika ila neno lililokubaliwa. Ni kazi ya dakika tano, na sijui ni kwa nini watu huiogopa kuliko fomula.

Ama kuhusu mipaka ya jumla, yaani kutoka mstari gani mpaka mstari gani, hapo wamejikwaa watu wakubwa. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala juu ya madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi, yakatajwa na wanasiasa waliotaka kubana matumizi. Na mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Massachusetts kule Amherst, alipopewa laha yao aligundua, pamoja na mambo mengine aliyoyapinga, kwamba wastani wao ulikomea mistari mitano kabla ya mwisho, na nchi tano, tangu Australia mpaka Denmark, hazikuhesabiwa. Wenyewe walilikiri kosa hilo, wakashikilia kwamba hoja yao kubwa haikuanguka. Dukani kosa hilihili hutokea kila mara mtu anapoongeza mauzo ya jioni chini ya mstari wa mwisho uliokwisha tajwa katika fomula. Ndiyo maana mimi humwambia mtu aiweke jumla juu, nje ya safu inayojumlishwa, na aitaje safu nzima, ili mstari mpya usiwe na mahali pa kubaki nje.

Ipo alama moja ambayo inastahili neno lake. Katika fomula alama ya dola haihusiani na dola. Huiambia mashine isihame kutoka seli iliyotajwa fomula inapoburutwa. Nilipoandika $B$1 mbele ya mpwa wangu aliniuliza kwa uso mkavu kama bei ya leo ni ngapi, na sijapata mpaka leo kujua kama alikuwa akitania. Matumizi yake ni haya: kiwango chochote ambacho hakikuamuliwa na duka, kama vile kodi au makato ya malipo ya simu, kiandikwe katika seli moja tu, na fomula zote zielekezwe kwake. Kenya, kodi ya mauzo ya biashara ndogo ilishuka mwaka 2020 kutoka asilimia 3 mpaka 1, kisha mwaka 2023 ikarudi 3; aliyekuwa na kiwango katika seli moja alibadili tarakimu moja, na aliyekuwa amekizika ndani ya fomula mia alikaa nazo usiku kucha, na aghalabu akaisahau moja.

Na maadamu tumeitaja kodi, liko kosa la hesabu ambalo mashine haina hatia nalo. Tanzania Bara kiwango cha kawaida cha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 18, na mtu mwenye kusajiliwa akiuza kitu kwa 118,000, kodi ikiwa imo ndani, wengi hupiga asilimia 18 ya bei hiyo, wakapata 21,240. Si sahihi, kodi iliyomo ni 18,000, inayopatikana kwa kuzidisha bei kwa 18 na kugawa kwa 118, kwa sababu asilimia 18 ni ya bei kabla ya kodi. Shilingi 3,240 kwa kila mauzo ya namna hiyo si kidogo, na fomula iliyoandikwa vibaya hulirudia kosa hilo kila siku kwa uaminifu usio na kifani.

Tarehe zina balaa la peke yake. Ndani ya seli tarehe ni hesabu ya siku tangu tarehe 1 Januari 1900, hata tarehe 1 Januari 2025 ikawa ni 45658, na ndiyo maana mtu akiharibu umbizo huona tarakimu hizo za ajabu akadhani laha imerogwa. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba kompyuta nyingi zinazofika madukani kwetu zimewekwa kwa desturi ya Marekani, inayotanguliza mwezi: ukiandika 05/03 ukikusudia tarehe 5 Machi, yenyewe yaandika tarehe 3 Mei, bila ya kukuuliza, na ukiandika 25/03 yashindwa kupata mwezi wa 25, ikaiacha kuwa maneno na kuiegemeza kushoto. Hivyo siku 12 za mwanzo wa mwezi huharibika kimya kimya, na zilizobaki huharibika waziwazi. Kabla ya ingizo la kwanza sharti mipangilio ya nchi ibadilishwe. Hata wanasayansi wameshindwa na karani huyu: mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilieleza kwamba imeyabadili baadhi yake, kama MARCH1 na SEPT1, kwa kuwa Excel iliyageuza kuwa tarehe. Nasi tunayo shida yetu wenyewe ambayo wao hawaijui, kwani muuza duka akiandika saa 1:00 akikusudia saa moja asubuhi, mashine huipokea kuwa ni saa saba za usiku.

Nirudi kwenye umbizo, kwa sababu ndilo linalopendwa kuliko fomula, na ndilo linalodanganya kwa upole zaidi. Nimeona daftari la madeni katika laha ambamo mwenye duka alipaka kijani kila deni lililolipwa, na jekundu kila lililochelewa, kwa mkono, kwa bidii ya kuhurumiwa. Na alipotaka kujua jumla ya yaliyobaki, mashine ilimjumlishia yote, ya kijani na mekundu. Fomula haisomi rangi. Rangi huzungumza na jicho tu, na jambo lolote ambalo limeandikwa kwa rangi peke yake halijaandikwa. Kinyume chake ndicho sahihi: kiasi kilicholipwa kiwe na safu yake, salio la deni litokane na kutoa, kisha rangi ifuate salio kwa umbizo lenye sharti. Ikiwa tarehe ya kukopa imo katika A na salio katika F, sharti ni =AND($F2>0,TODAY()-$A2>30), na kila asubuhi laha itapaka yenyewe madeni yaliyopita siku 30, bila ya upendeleo kwa jirani wala kwa shemeji. Vilevile seli zilizounganishwa ili kichwa kikae katikati, na mistari mitupu iliyoachwa ili ukurasa upumue, ni mapambo yanayovuruga upangaji na uchujaji.

Katika madeni hayo hayo jina ni tatizo lililo letu hasa. Ngamiani nzima ina akina Mama Asha wangapi? Katika daftari la mkono mwenye duka aliwapambanua kwa kumbukumbu, huyu wa nyumba ya bati jipya, huyu wa msikitini. Na Mwanaisha na Mwanaasha na Mwana Aisha walikuwa mtu mmoja kwa sababu uso wake ni mmoja. SUMIFS haina uso wa kuutazama. Mpe kila mdaiwa namba yake, jina liwe kwa ajili ya macho, na namba kwa ajili ya mashine; na kama namba hiyo ni ya simu, iumbize safu kuwa ya maneno kwanza, la sivyo sifuri ya mwanzo itatoweka.

Lakini laha iliyo safi kwa kila hali yaweza bado kumpotosha mwenye duka katika swali lililo kubwa kuliko yote, nalo ni kama anapata faida. Safu za zilizoingia na zilizotoka husema habari za fedha taslimu, na fedha na faida ni ndugu wasiokaa nyumba moja. Chukua gunia la mchele la kilo 100 lililonunuliwa kwa 240,000 na kuuzwa kwa 3,000 kila kilo. Mwisho wa wiki zimeuzwa kilo 60: zimeingia 180,000, zimetoka 240,000, na salio lasema umekula 60,000. Hujala kitu. Kilo 60 zile zilikugharimu 144,000, umepata faida ghafi ya 36,000, na kilo 40 ziko stoo, zikithaminiwa 96,000 kwa bei ya kununulia, labda pungufu ya kiganja kimoja au viwili vilivyomwagika mizanini. Geuza kisa, gunia liwe limekuja kwa mali kauli, na salio lasema una 180,000 mkononi. Mtu akajinunulia simu mpya kwa fedha ambazo 144,000 kati yake ni za mwenye mchele. Nathubutu kusema kwamba maduka mengi yaliyofungwa huku mwenyewe akiapa kwamba biashara ilikuwa nzuri yalifungwa na hesabu hii ya pili.

Ndiyo sababu laha ya tatu, ya mali iliyopo, haina mbadala, nayo haijazwi na fomula bali na mtu anayekwenda stoo na kuhesabu magunia kwa mkono, angalau mara moja kwa mwezi. Fomula itazidisha idadi kwa bei ya kununulia. Itatoa tofauti baina ya kilichopaswa kuwapo na kilichopo. Haitakuambia kama tofauti ni panya, mizani au binadamu. Kadhalika droo, simu na benki zihesabiwe mbali mbali, kila njia kwa salio lake, kwa kuwa makato ya simu hayaonekani drooni, na duka linalofunga usiku mwingi lijue kwamba taarifa ya malipo ya simu huanza siku mpya usiku wa manane, wala haingoji mtu ashushe mlango.

Wapo wanaouliza kama haya yote hayawezi kufanywa katika simu, na jibu ni kwamba kuingiza kwaweza, kusoma ni shida; laha yenye safu saba katika kioo cha upana wa kiganja ni kama kutazama uwanja kupitia tundu la ufunguo. Wapo pia wanaotaka kujua ni lini laha iachwe. Laha hutosha kwa duka la mtu mmoja au wawili, lenye bidhaa anazoweza kuzitaja kwa kichwa. Pale watu watatu wanapoingiza kwa wakati mmoja, au matawi yanapokuwa mawili, au mkopo wa benki unapodai mizania iliyokaguliwa, fedha ya kununua programu ya uhasibu na kumlipa mhasibu ni ndogo kuliko hasara ya kung'ang'ania. Uingereza, Oktoba 2020, taasisi ya afya ya umma ilikuwa bado ikihamisha matokeo ya vipimo vya Covid kwa faili la Excel la mtindo wa zamani, lenye mwisho wa mistari 65,536, na wagonjwa 15,841 wakabaki nje ya hesabu kwa siku kadhaa. Si kosa la laha kwamba ilipewa kazi ya vipimo vya nchi nzima.

Na karatasi? Mimi simo katika kundi la wale wanaotaka ichomwe. Sheria za kodi za Tanzania na za Kenya zote zataka kumbukumbu zihifadhiwe miaka 5, na risiti ya asili haigeuki kuwa upepo umeme ukikatika. Laha nayo iwe na nakala mahali pengine, mbali na kompyuta yenyewe, kwa sababu mwizi wa kweli akija atachukua kompyuta.

Duka la Ngamiani leo lina laha tatu na fomula zisizozidi kumi. Anayeingiza ni yule kijana, kila usiku kabla ya mlango kufungwa, akinakili kutoka daftari dogo linalokaa juu ya kaunta mchana kutwa. Seli za fomula zimefungwa, na tarakimu zimerudishwa kulia. Katika daftari la karatasi bado anaandika /= nyuma ya kila kiasi, na hakuna aliyemkataza.